Shajara ya mradi: fosfatasi ya alkali kati ya meza ya utafiti na darasa la vitendo

Usuli na lengo

Shahada yangu ya kwanza ni ya kemia na ya pili ni ya biolojia ya molekuli. Kati ya hizo mbili, na hata baada ya kumaliza ile ya pili, nimekuwa msaidizi katika maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, nikisimamia titresheni, upimaji wa ukolezi kwa spektrofotomita na, baadaye, utenganishaji wa DNA kwenye jeli. Mradi huu umezaliwa na mchanganyiko huo. Upande wa utafiti, nataka kubadilisha asidi amino moja katika kimeng'enya kiitwacho fosfatasi ya alkali, kinachotengenezwa na bakteria Escherichia coli, kisha nipime ni kiasi gani cha uwezo wake kinapotea na kwa nini. Upande wa ufundishaji, nataka kimeng'enya hichohicho, kwa bafa (miyeyusho inayotuliza pH) zilezile na majedwali yaleyale, kiwe zoezi la vitendo la wanafunzi wa mwaka wa pili. Nimeamua kuweka shajara moja kwa pande zote mbili, kwa kuwa kwa maoni yangu kipimo ambacho mwanafunzi makini hawezi kukirudia kwa kufuata maandishi yangu bado hakijaiva kuitwa matokeo.

Uchaguzi wa kimeng'enya

Fosfatasi ya alkali inamfaa mkemia na mwanabiolojia kwa wakati mmoja. Molekuli yake huundwa na nakala mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na asidi amino 449, na katika kila kitovu cha utendaji zimo ioni mbili za zinki na moja ya magnesiamu. Kazi yake ni kukata kundi la fosfeti kutoka kwenye molekuli nyingine. Serini iliyo katika nafasi ya 102 huipokea fosfeti hiyo na kufungamana nayo kwa muda, kabla ya maji kuja kuivunja na kuiachilia. Arjinini ya nafasi ya 166, ambayo ndiyo shabaha yangu, huelekeza chaji yake chanya kwenye oksijeni za fosfeti na kusaidia kuishikilia. Mwaka 1991 Kim na Wyckoff walichapisha miundo ya fuwele iliyoonyesha jinsi zinki hizo mbili, zilizoachana kwa takriban angstromu 4, zinavyogawana kazi, na tangu hapo maswali mengi kuhusu kimeng'enya hiki yanaweza kuulizwa kwa jina la atomu husika.

Kwa mwanabiolojia, utamu uko kwenye jeni. Jeni hiyo, phoA, hunyamaza fosfeti inapokuwa tele na huamka inapoadimika, kwa hiyo bakteria wanaokuzwa kwenye chakula chenye fosfeti haba hukizalisha kimeng'enya kwa wingi bila kuongezewa kemikali yoyote ya kuwachochea. Protini ikishatengenezwa husafirishwa nje ya utando wa ndani hadi kwenye periplazimu, yaani nafasi iliyo kati ya utando wa ndani na wa nje wa bakteria, na huko ndiko vifungo vyake vya salfa kwa salfa hufungika na umbo lake kukamilika. Ikibaki ndani ya seli haifanyi kazi. Manoil na Beckwith waliitumia sifa hiyo mwaka 1985 kutambua protini zinazovuka utando: unganisha phoA na jeni unayoichunguza, na kama bidhaa yake inatoka nje ya utando wa ndani, koloni litageuka buluu kwenye sahani yenye kemikali ya rangi. Hii ni mada ambayo nimewahi kuifundisha kwenye semina, na ndiyo iliyonifanya nikiamini kimeng'enya hiki kuwa na hadithi za kutosha kwa muhula mzima.

Ujenzi wa jeni iliyobadilishwa

Hatua hii imepita bila mambo mengi. Praima mbili (vipande vifupi vya DNA) zenye mabadiliko katikati yake zilizungusha plasmidi yote (duara dogo la DNA linalobeba jeni) kwa PCR, njia ya kunakili DNA, kisha kimeng'enya cha DpnI kikaharibu plasmidi mama. DpnI hukata mfuatano wa GATC pale tu ulipotiwa methili, na kwa kuwa plasmidi mama ilitoka ndani ya bakteria wanaotia methili, huku nakala za PCR zikiwa hazina alama hiyo, kinachobaki ni kile nilichokitaka. Kwa wanafunzi nimeandika mfano wa kodoni: CGC ya arjinini hugeuka AGC ya serini kwa kubadilisha herufi moja tu. Usomaji wa mfuatano wa jeni yote, mwanzo hadi mwisho, umethibitisha kwamba hakuna herufi nyingine iliyoguswa. Nasisitiza jeni yote, kwa sababu usomaji wa kipande chenye mabadiliko peke yake hausemi lolote kuhusu yale ambayo polimerasi imeyafanya mahali pengine.

Bakteria niliowachagua kuibeba plasmidi hawana phoA yao wenyewe inayofanya kazi. Sharti hilo ni la lazima, na sababu yake inajitokeza mbele katika shajara hii.

Utoaji na usafishaji

Kwa kuwa kimeng'enya kimo kwenye periplazimu, hakuna haja ya kuvunja seli nzima. Njia iliyoelezwa na Neu na Heppel mwaka 1965 bado inatosha: seli huwekwa kwenye sukrosi ya asilimia 20 yenye EDTA, zikasinyaa, halafu huhamishiwa ghafla kwenye maji baridi, na mshtuko huo hulegeza utando wa nje na kuzimwaga protini za periplazimu. Seli zenyewe hubaki karibu nzima na hushuka chini kwenye sentrifugi. Lakini EDTA, ambayo ndiyo inayoulegeza utando, pia hunyakua ioni za metali, na kimeng'enya hiki bila zinki hakina uhai. Kwa hiyo mara tu baada ya mshtuko naongeza magnesiamu na zinki kidogo, na kipimo cha utendaji nakifanya kabla na baada ya nyongeza hiyo ili tofauti ionekane kwenye daftari.

Kwa kimeng'enya cha asili kuna hatua nyingine ambayo wanafunzi wataipenda. Kioevu kilichotoka kwenye mshtuko, kikiwa na magnesiamu, hupashwa moto hadi nyuzi 80 za Selsiasi. Protini nyingine nyingi huganda, na kioevu kilichokuwa safi hugeuka cheupe na kizito. Baada ya sentrifugi, mashapo hubaki chini na kimeng'enya hubaki juu, kikiwa hai. Ukilinganisha na fosfatasi ya maziwa, ambayo hufa kwenye joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 na kwa hiyo hutumika kuthibitisha kwamba maziwa yamechemshwa ipasavyo kiwandani, utaona kwamba jina moja la kimeng'enya linaweza kufunika tabia tofauti kabisa. Ugumu huohuo wa kimeng'enya cha E. coli ndio uliowafanya watu wanaounganisha DNA kupendelea fosfatasi ya kamba wa baharini, ambayo hufishwa kwa urahisi kwa joto baada ya kumaliza kazi yake.

Kimeng'enya kilichobadilishwa sikipitishi kwenye joto. Sijathibitisha kwamba kinastahimili, na sitaki kulinganisha protini nzima na protini iliyoharibika nusu. Vyote viwili vinapita kwenye safu ya kubadilishana ioni, na hatua ya joto inabaki kuwa ya darasani tu.

Bafa

Hapa ndipo usuli wa kemia unapolipa. Bafa ninayoitumia ni Tris, ambayo pKa yake (pH ambapo nusu ya molekuli zimepoteza protoni) ni takriban 8.1 kwa nyuzi 25, lakini hushuka kwa karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Bafa iliyorekebishwa kuwa pH 8.0 kwa nyuzi 25 huwa karibu 8.6 ikiwa kwenye barafu na karibu 7.7 kwa nyuzi 37. Mwanafunzi anayerekebisha pH kwenye chumba baridi na kupima kasi kwenye bafu la maji ya moto amebadilisha jambo ambalo hakuliandika. Kwa hiyo kila chupa sasa ina lebo yenye pH pamoja na joto ambalo pH hiyo ilipimwa, na mwongozo unasema wazi kwamba vipimo vyote vya kasi ni vya nyuzi 25.

Tris ina jambo lingine. Haikai kando kama mtazamaji, kwani inaweza kuipokea fosfeti kutoka kwenye serini ya 102 badala ya maji, na kwa ukolezi mkubwa huongeza kasi inayoonekana. Mtu anayepima kwenye Tris ya moli 0.1 kwa lita na mwenzake anayepima kwenye moli 1 kwa lita hawatapata kasi moja, na wote wawili watakuwa sahihi. Nimechagua ukolezi mmoja na nitaunukuu kila ninapotoa takwimu ya kasi.

Bafa ya fosfeti ni marufuku kwenye meza hii. Fosfeti ni zao la mmenyuko na wakati huohuo ni kizuizi chake chenye nguvu, na wanafunzi wengi waliozoea kuchanganya protini kwenye chumvi ya fosfeti hufanya hivyo bila kuwaza. Hata vyombo vya kioo vilivyooshwa kwa sabuni yenye fosfeti vinaweza kupunguza kasi. Vyetu vinasuuzwa kwa asidi hafifu, kisha kwa maji yaliyoondolewa ioni.

Rangi ya njano

Kipimo chenyewe ni rahisi kukiona. Sabstreti, yaani molekuli inayokatwa na kimeng'enya, ni para-nitrofenili fosfeti, isiyo na rangi. Fosfeti ikikatwa, inabaki nitrofenoli, ambayo katika hali ya alkali ni ya njano na hufyonza mwanga wa nanomita 405. Kigezo cha ufyonzaji wake ni takriban 18,000 kwa moli moja kwa lita katika kyuveti ya sentimita 1. Kwa hiyo ufyonzaji ukipanda kwa 0.180 kwa dakika, ukolezi wa nitrofenoli unapanda kwa mikromoli 10 kwa lita kwa dakika. Ndani ya mililita 1 hizo ni nanomoli 10, yaani 0.01 ya yuniti ya kimeng'enya (yuniti moja ni mikromoli 1 kwa dakika). Nimewataka wanafunzi waufanye mgawanyo huu kwa mkono kabla ya kufungua jedwali la kompyuta, kwa kuwa jedwali halilalamiki mtu akichanganya mikromoli na mikromoli kwa lita.

Ugumu umejificha kwenye rangi. Nitrofenoli ni asidi dhaifu yenye pKa ya takriban 7.15, na ni ile iliyopoteza protoni peke yake iliyo ya njano. Katika pH 7 ni asilimia 41 tu ya molekuli zinazoonekana. Katika pH 8 ni asilimia 88. Katika pH 9 ni karibu asilimia 99. Mwongozo wa zamani wa zoezi, niliourithi pamoja na kabati la vifaa, uliwataka wanafunzi wapime kasi katika pH mbalimbali kwa kusoma ufyonzaji moja kwa moja, kisha wachore mstari na kutaja pH bora ya kimeng'enya. Kwa utaratibu huo, hata kimeng'enya ambacho kasi yake haibadiliki kamwe kingeonekana kuongeza kasi zaidi ya mara mbili kati ya pH 7 na pH 9. Sehemu ya mchoro huo ilikuwa tabia ya nitrofenoli, na kimeng'enya kilisifiwa kwa kazi isiyo yake.

Marekebisho niliyoyaweka ni ya kizamani lakini ni imara. Kila mmenyuko unasimamishwa kwa wakati uliopangwa kwa kuongeza hidroksidi ya sodiamu, ambayo hukiua kimeng'enya na kuipandisha pH hadi nitrofenoli yote iwe ya njano, ndipo ufyonzaji unaposomwa. Sampuli linganishi huwekewa hidroksidi kabla ya kimeng'enya, kwa sababu sabstreti ya dukani huwa na nitrofenoli kidogo ndani yake na huendelea kuvunjika yenyewe polepole ikiachwa kwenye mwanga au joto. Upande wa utafiti naendelea kusoma mfululizo, lakini kwa pH moja tu.

Tatizo la sabstreti chache

Mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913 hudai vipimo vilivyo chini na juu ya Km, yaani ukolezi wa sabstreti ambao kasi hufika nusu ya kasi ya juu. Katika kimeng'enya cha asili, Km kwa sabstreti hii iko kwenye makumi ya mikromoli kwa lita, na hapo ndipo kifaa kinapogoma. Chukua sabstreti ya mikromoli 20 kwa lita: hata ikikatwa yote, ufyonzaji haufiki 0.4, na kwa kuwa kasi ya mwanzo inatakiwa ipimwe kabla asilimia 10 hazijatumika, mpimaji ana nafasi ya 0.036 tu ya kufanyia kazi. Spektrofotomita ya utafiti inaimudu. Zile za darasani, ambazo huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, haziwezi, na hakuna ustadi wa mikono utakaoziba pengo hilo.

Desturi ya kuchora kinyume cha kasi dhidi ya kinyume cha ukolezi, iliyoenezwa na Lineweaver na Burk tangu 1934, huzidisha balaa, maana vipimo vya sabstreti chache, ambavyo ndivyo vyenye makosa makubwa, hurushwa mbali upande wa kulia wa mchoro na kuuvuta mstari wote. Nimeibakisha kwenye mwongozo kama njia ya kutazama aina ya uzuiaji kwa macho. Hesabu ya Km na kasi ya juu inafanywa kwa kulinganisha mkunjo wenyewe na takwimu kwenye kompyuta.

Njia ya kutoka imepatikana kwenye fosfeti ileile niliyoipiga marufuku. Kizuizi kinachoshindania kitovu kimoja na sabstreti huikuza Km inayoonekana bila kuigusa kasi ya juu. Fosfeti ikitiwa kwa kiasi cha kuikuza Km hiyo mara 10, mkunjo wote huhamia kwenye mamia ya mikromoli kwa lita, yaani eneo ambalo vifaa vya darasani vinalisoma vizuri. Zoezi la wanafunzi sasa limejengwa juu ya mikunjo miwili au mitatu yenye fosfeti ya viwango tofauti, na Km ya kweli inapatikana kwa kurudi nyuma hadi fosfeti sifuri. Kundi la kwanza limelifanya zoezi hili, na mikunjo yao ilipangana kama inavyotakiwa, isipokuwa kwa wale ambao pipeti zao hazikuwa zimepimwa. Tangu hapo kipindi kinaanza kwa kupima maji kwenye mizani: mikrolita 100 lazima ziwe karibu sana na gramu 0.100, na pipeti isiyofika hapo inawekwa kando.

Zoezi la darasa kwenye meza ya utafiti

Sasa narudi kwenye bakteria wasio na phoA: kama wangekuwa nayo, kimeng'enya chao cha asili kingechanganyika na kile kilichobadilishwa. Machapisho yaliyotangulia kuhusu nafasi ya 166 yanaonyesha kwamba arjinini ikiondolewa utendaji hupungua bila kufa kabisa, na mshiko wa fosfeti hulegea. Kipimo changu cha awali kinaelekea upande huo. Lakini utendaji mdogo una mtego wake: protini iliyobadilishwa yenye kasi ya asilimia 1 ya ile ya asili, na protini iliyokufa kabisa iliyochafuliwa kwa asilimia 1 ya kimeng'enya cha asili, hutoa namba ileile kwenye spektrofotomita. Uchafu wa kiasi hicho hauonekani kwenye jeli, na kwenye safu iliyotumika kwa protini zote mbili unaweza kuingia kimyakimya. Safu ya kila protini sasa ni yake peke yake, lakini tahadhari haitoshi kuwa ushahidi.

Ushahidi unatoka kwenye mikunjo ya wanafunzi. Kama utendaji uliobaki unatokana na uchafu, basi Km yake na uzuiaji wake kwa fosfeti vitakuwa vya kimeng'enya cha asili bila tofauti, kwa sababu ndicho kinachofanya kazi. Kama unatokana na protini iliyobadilishwa, fosfeti itashika kwa ulegevu zaidi na mikunjo itasogea kidogo tu. Nimeipima kwa utaratibu uleule wa darasani, nikitumia kifaa cha utafiti: kiwango cha fosfeti kinachopunguza kasi ya kimeng'enya cha asili hadi nusu hakikifanyi kimeng'enya kilichobadilishwa chochote cha kutajika. Asilimia za uzuiaji peke yake hazinitoshelezi, kwani hutegemea pia sabstreti iko wapi ikilinganishwa na Km, na Km zenyewe zinatofautiana. Kigezo cha uzuiaji kinahitaji kukokotolewa kutoka kwenye mikunjo kamili ya kila protini. Hata hivyo, dai la kwamba ninachokipima ni uchafu limedhoofika sana.

Kundi la pili la wanafunzi litapewa protini zote mbili kwenye neli zilizoandikwa herufi tu, na watatakiwa kusema ipi ni ipi kwa kutumia fosfeti peke yake, bila kuangalia kasi ya juu. Mwongozo wa zoezi hilo umeandikwa hadi sehemu ya hesabu.

Yaliyo mezani kwa sasa

Mikunjo kamili ya protini iliyobadilishwa inasubiri uzalishaji mpya, kwa kuwa kiasi kilichopo hakitoshi viwango vyote vya fosfeti. Kiasi cha zinki kwenye kila protini bado hakijapimwa, na bila namba hiyo siwezi kutenganisha athari ya arjinini iliyoondoka na uwezekano wa kitovu kukosa metali yake; sampuli zimetayarishwa kwa ajili ya kipimo cha ufyonzaji wa atomu, zikiwa kwenye bafa isiyo na zinki ya nyongeza. Baada ya hapo nitajaribu kama kimeng'enya kilichobadilishwa kinastahimili nyuzi 80, kwanza kwenye sampuli ndogo, nikipima utendaji kabla na baada ya joto.